Mafiga Matatu Yaliyosogeleana: Gazeti, Polisi na Wanasiasa katika Kashfa ya Udukuzi wa Simu Uingereza

Januari 2025, kampuni inayochapisha gazeti la The Sun ilimwomba radhi Mwanamfalme Harry mbele ya Mahakama Kuu jijini London kwa kuingilia maisha yake ya faragha na kukubali kumlipa fidia, na tangu siku hiyo mazungumzo yetu kuhusu habari ile yamekuwa yakichanganya mambo matatu au manne kwa mpigo. Wapo wanaouliza iweje jambo lililokwisha mwaka 2011 lifufuke. Wapo wanaodhani ni kesi ileile ambayo Harry aliishinda kampuni ya Daily Mirror mwishoni mwa 2023. Na wapo, tena wengi, waliokwisha kata shauri kwamba kisa chenyewe ni chepesi, yaani polisi wa Uingereza walihongwa, wakanyamaza. Hili la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Ingekuwa ni hongo tu, kashfa hii ingeelezeka kwa aya moja, na maofisa wakubwa waliojiuzulu bila kupatikana na kosa lolote la jinai wasingekuwa na sababu ya kujiuzulu.

Tuanze na neno lenyewe. Tukisikia kudukua, wengi wetu humwona kijana amejifungia na kompyuta yake usiku wa manane akivunja mitambo ya benki. Waliodukua simu Uingereza hawakuhitaji ujuzi wa namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtu asipopokea simu, aliyempigia aliacha ujumbe wa sauti, na ujumbe huo ulihifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Mwenye namba aliweza kuusikiliza hata kwa kutumia simu nyingine, ilimradi aingize namba ya siri, na wateja wengi hawakuwahi kubadili namba ya siri waliyoikuta siku ya kwanza. Ni sawa na mtaa mzima kununua kufuli za duka moja ambazo ufunguo mmoja unazifungua zote, kisha kila mtu akalala akiamini amefunga mlango. Pale mteja alipokuwa amebadili namba yake, mpelelezi wa kukodiwa aliipigia kampuni ya simu akijifanya mfanyakazi mwenzao, akaomba namba irudishwe ilivyokuwa. Hakuna aliyenasa mazungumzo yakiendelea. Kilichosikilizwa ni jumbe zilizoachwa. Hata hivyo, jumbe za mama kwa mwanawe, za daktari kwa mgonjwa au za mtu kwa mpenzi wake zinatosha kumvua mtu nguo hadharani.

Neno la pili ni kashfa, na hapa ndipo mkanganyiko unapoanzia. Kosa na kashfa ni vitu viwili. Kosa lilikuwa kusikiliza jumbe za watu, na lilifanywa na gazeti la kila Jumapili lililoitwa News of the World, lililoanzishwa mwaka 1843 na kununuliwa mwaka 1969 na Rupert Murdoch, tajiri wa vyombo vya habari ambaye kampuni yake ndiyo inayochapisha pia The Sun. Kashfa ni kwamba ushahidi wa kosa hilo ulikuwa mikononi mwa polisi kwa takribani miaka mitano, ukiwa umeandikwa na kuhesabika, na hakuna aliyeona haja ya kuupekua hadi mwisho. Mwizi kuiba si habari ya kushangaza. Kinachoshangaza ni mlinzi wa zamu, mwenye nyumba na mpiga kelele wa mtaa kuamka asubuhi wote watatu na kusema hawakusikia kitu.

Watatu hao ndio polisi, wanasiasa na vyombo vya habari, na ninapowafikiria hukumbuka mafiga. Anayepika kwa kuni anajua kwamba mafiga matatu hayawekwi ovyo. Ukiyatenganisha mno, chungu kinatumbukia katikati. Ukiyasogeza hadi yagusane, chungu hakikai sawasawa na kuni hazina pa kupita, hivyo moto unakufa na jiko zima linajaa moshi. Vivyo hivyo, gazeti linahitaji kuwa karibu na polisi ili lipate habari za uhalifu, polisi wanahitaji gazeti ili wananchi wajitokeze na taarifa, na mwanasiasa anahitaji vyote viwili. Kwa hiyo ukaribu wenyewe si dhambi. Swali ni nafasi iliyobaki kati ya figa na figa.

Ukaribu wa gazeti na polisi wa London, wale wanaojulikana kwa jina la makao yao, Scotland Yard, ulianzia mezani: chakula cha mchana, glasi mbili tatu jioni, simu ya salamu. Msomaji wa Tanzania analo neno linalomsaidia kuelewa jambo hili kuliko hata Waingereza wenyewe, nalo ni takrima. Sheria yetu ya uchaguzi ilifanyiwa marekebisho mwaka 2000 ikaruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa desturi ya ukarimu, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba. Mjadala wa wakati ule ulikuwa mgumu kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha pilau ya ukarimu inaishia wapi na pilau ya kununua kura inaanzia wapi. Ugumu wa London ulikuwa huohuo. Andy Hayman, ofisa mwandamizi aliyesimamia upelelezi wa kwanza wa udukuzi, aliwaeleza wabunge mwaka 2011 kwamba alikula chakula na watu wa kampuni ya Murdoch wakati upelelezi wake ukiendelea, na baada ya kustaafu akawa mwandishi wa safu katika The Times, gazeti la kampuni hiyohiyo. Hakuna sheria aliyoonekana kuivunja. Lakini tujiulize kama mpelelezi anayepeleleza duka la tajiri angeweza kula kwa huyo tajiri, kisha kuajiriwa naye, na bado akatarajia watu waamini kwamba alipekua kila droo.

Upelelezi huo ulianza na goti. Novemba 2005 News of the World lilichapisha habari ndogo kuhusu jeraha la goti la Mwanamfalme William, na watu wa kasri wakashangaa gazeti limejuaje jambo lililojulikana na watu wachache sana. Polisi waliitwa. Tarehe 8 Agosti 2006 walimkamata mwandishi wa habari za kifalme wa gazeti hilo, Clive Goodman, pamoja na mpelelezi binafsi Glenn Mulcaire, na nyumbani kwa Mulcaire wakachukua kurasa zipatazo 11,000 za maandishi yake, zenye majina ya watu karibu 4,000: wachezaji, waigizaji, mawaziri, watu wa kawaida waliopatwa na msiba. Januari 2007 Goodman alihukumiwa kifungo cha miezi minne na Mulcaire miezi sita. Kampuni ikashikilia kwamba alikuwa mwandishi mmoja aliyepotoka, mhariri mkuu Andy Coulson akajiuzulu akisema hakujua lolote, na kurasa zile 11,000 zikaingia kwenye mifuko zikakaa humo.

Haki itendeke kwa polisi pia. Kikosi kilichokabidhiwa kazi ile kilikuwa cha kupambana na ugaidi, kwa sababu ndicho kilichohusika na usalama wa familia ya kifalme, na usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 2006, siku mbili tu baada ya kumkamata Goodman, kikosi hichohicho kilikuwa kikiwakamata watu walioshukiwa kupanga kulipua ndege za abiria zikiwa angani kuelekea Amerika. Mtu mwenye moto wa aina hiyo mikononi hahangaiki na jumbe za simu za wacheza soka. Palikuwapo pia ubishi wa kisheria. Baadhi ya wanasheria waliona kwamba kosa linathibitika tu kama ujumbe ulisikilizwa kabla mwenyewe hajausikia, jambo ambalo ni gumu mno kulithibitisha. Sababu hizi zinatosha kueleza mwaka 2006. Hazitoshi kueleza yaliyofuata.

Julai 2009 gazeti la The Guardian, kwa kalamu ya Nick Davies, liliandika kwamba kampuni ya Murdoch ilikuwa imelipa kwa siri zaidi ya pauni milioni moja kuwanyamazisha watu waliodukuliwa, habari ambayo ikiwa kweli iliua hoja ya mwandishi mmoja aliyepotoka, kwani waliolipwa hawakuwa watu wa kifalme aliowafuatilia Goodman. Scotland Yard ilimpa kazi ya kulitazama jambo hilo John Yates, Kamishna Msaidizi, naye siku hiyohiyo, ndani ya saa chache, akatoka mbele ya kamera na kusema hakuna jipya la kufungulia upya jalada. Kurasa 11,000 hazisomwi kwa saa chache. Miaka miwili baadaye alikiri kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya.

Miezi michache baada ya uamuzi huo, Oktoba 2009, Scotland Yard iliajiri mshauri wa mawasiliano kwa siku mbili za kila mwezi, na jumla ya malipo yake hadi Septemba 2010 ilikuwa pauni 24,000. Mshauri huyo alikuwa Neil Wallis, aliyekuwa naibu mhariri wa News of the World chini ya Coulson. Baadaye Wallis alishtakiwa kwa udukuzi na mwaka 2015 akaachiwa huru, kwa hiyo haifai kumtaja kama mhalifu. Ila suala hapa halimhusu yeye kama mtu. Suala ni mgongano wa maslahi, yaani hali ya mtu kuwa na wajibu upande mmoja na faida au urafiki upande wa pili, kiasi kwamba hata akiamua kwa uadilifu hakuna wa kumwamini. Sir Paul Stephenson, Kamishna wa Polisi, alipohojiwa na wabunge mwaka 2011 alieleza kwamba kati ya watumishi 45 wa idara yake ya habari, 10 walikuwa wamewahi kufanya kazi katika kampuni ya Murdoch. Refa anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini ukikuta karibu robo ya wasaidizi wake walikuwa wachezaji wa timu moja, utaitazama upya penalti aliyoikataa.

Sasa turudi kwenye hongo, maana ilikuwepo, ila si pale inapotafutwa na wengi. Machi 2003, mbele ya kamati ya Bunge, Rebekah Brooks, aliyekuwa ametoka kuhariri News of the World na kuhamia kuhariri The Sun, alisema waziwazi kwamba gazeti lilikuwa limewahi kuwalipa polisi ili kupata habari. Kwetu bahasha hutoka kwa mwenye habari kwenda kwa mwandishi. Kule ilisafiri kinyume. Operesheni ya polisi ya kuchunguza malipo hayo, iliyopewa jina la Elveden, ilianza mwaka 2011, miaka minane baada ya kauli ile kutolewa mbele ya wabunge na kuandikwa katika kumbukumbu zao. Askari na watumishi wa umma kadhaa walifungwa, huku waandishi wengi walioshtakiwa wakiachiwa na mahakama. Aliyefungwa kwa namna ya kusikitisha kuliko wote ni ofisa mmoja wa kikosi cha kupambana na ugaidi ambaye alilipigia simu News of the World akitaka kuliuzia habari za upelelezi wa udukuzi wenyewe. Hata hivyo, makosa haya yalikuwa ya watu mmojammoja, na Jaji Brian Leveson, ambaye tume yake nitaieleza hivi punde, hakupata ushahidi kwamba polisi kwa ujumla wao walikuwa wamenunuliwa.

Figa la tatu, wanasiasa, lilikuwa limesogea tangu zamani. Mwaka 1995 Tony Blair, akiwa kiongozi wa upinzani, alisafiri hadi kisiwa kimoja cha Australia kuhutubia mkutano wa kampuni ya Murdoch, na Machi 1997, wiki chache kabla ya uchaguzi, The Sun lililokuwa likikipigia debe chama cha Conservative likahamia kwa Labour. Mwisho wa Septemba 2009, katikati ya mkutano mkuu wa Labour, likahama tena na kurudi kwa Conservative. David Cameron, kiongozi wa Conservative aliyenufaika na uhamisho huo wa pili, alikuwa amemwajiri Andy Coulson mwaka 2007, miezi michache tu baada ya Coulson kuondoka gazetini, na Mei 2010 akaingia naye ofisi ya Waziri Mkuu kama mkurugenzi wa mawasiliano. Katika miezi 15 ya kwanza ya uwaziri mkuu wake, Cameron alikutana na wakuu wa kampuni ya Murdoch mara 26. Tume ya Leveson ilikuja kusikia hata habari za Raisa, farasi mstaafu wa polisi aliyeazimwa na Brooks na kupandwa na Cameron. Polisi, mhariri na mwanasiasa juu ya mgongo wa farasi mmoja: mchora katuni asingethubutu kubuni hilo.

Wengi hudhani palikuwa na mkataba wa chini ya meza, kwamba magazeti yangeleta kura na serikali ingeleta leseni. Leveson hakuona ushahidi wa mapatano ya namna hiyo, nami naamini hayakuhitajika. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mwanasiasa aliyeona wenzake wakianikwa kurasa za mbele kwa mambo ya chumbani hahitaji kuambiwa lolote. Atajiwahi mwenyewe, atahudhuria karamu, na atatafuta kujulikana na zimwi. Naye mhariri hahitaji kuomba, kwa kuwa kila mtu tayari anajua anachotaka. Na wakati huo kilichotakiwa kilikuwa kikubwa: kampuni ya Murdoch, iliyokuwa na asilimia 39 ya televisheni ya BSkyB, ilitaka kununua asilimia 61 iliyobaki, na ruhusa ilikuwa mikononi mwa serikali.

Kilichovunja ukimya huo wote ni mtoto. Milly Dowler, msichana wa miaka 13, alitoweka akitoka shule mkoani Surrey Machi 2002 na baadaye ikajulikana aliuawa. Tarehe 4 Julai 2011 The Guardian liliandika kwamba News of the World lilisikiliza jumbe katika simu yake wakati bado akitafutwa. Wananchi ambao hawakuwa wamejali sana simu za waigizaji waliwaka hasira. Liko jambo moja linalorudiwa hadi leo kuhusu kisa hiki ambalo linahitaji kusahihishwa: habari ya kwanza ilisema gazeti lilifuta baadhi ya jumbe na hivyo kuwapa wazazi matumaini ya uongo kwamba binti yao yu hai. Uchunguzi wa polisi uliofuata ulionyesha kwamba huenda jumbe zilijifuta zenyewe baada ya muda, na The Guardian likasahihisha. Kusikiliza kulithibitika. Kufuta hakukuthibitika.

Lakini yako yaliyobainika baadaye ambayo kwangu ni mazito kuliko hata hilo la kufuta. Mwaka 2002 gazeti lenyewe liliwaambia polisi wa Surrey kuhusu jumbe lilizozisikia katika simu ya Milly, na mwaka 2013 tume iliyokuwa ikisimamia malalamiko dhidi ya polisi ilihitimisha kwamba polisi hao walijua, katika ngazi zote za upelelezi ule, wasichukue hatua yoyote. Ukilitafakari hilo utaona kwa nini neno hongo halitoshi. Gazeti halikuficha kosa lake kwa polisi. Lililisimulia kana kwamba ni msaada, na polisi wakalisikia kana kwamba ni jambo la kawaida kazini. Hakuna fedha iliyohitajika kubadilisha mikono. Pande zote mbili zilikuwa zimezoeana kiasi kwamba kosa la jinai lilipita katikati yao na kila mmoja akaliona kuwa utaratibu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. News of the World lilitoa toleo la mwisho tarehe 10 Julai 2011, ombi la kununua BSkyB likaondolewa siku tatu baadaye, Brooks akajiuzulu ukurugenzi wa kampuni tarehe 15, Kamishna Stephenson tarehe 17, na Yates tarehe 18. Uamuzi wa kesi kubwa ya jinai ulitoka Juni 2014: Coulson alipatikana na hatia ya kula njama za kudukua, na mwezi uliofuata akafungwa miezi 18, huku Brooks akiondolewa mashtaka yote. Wanaoandika mitandaoni kwamba alifungwa wamekosea.

Cameron alimteua Jaji Leveson kuongoza tume, nayo ikasikiliza mashahidi zaidi ya 300 na Novemba 2012 ikatoa ripoti ya kurasa zipatazo 2,000. Ilisema wanasiasa wa vyama vyote kwa miongo kadhaa walikuwa karibu mno na vyombo vya habari kwa namna isiyokuwa na manufaa kwa umma, na ikapendekeza chombo huru cha kusimamia magazeti badala ya kile kilichoendeshwa na wenye magazeti wenyewe, ambacho Novemba 2009 kilikuwa kimeitetea kampuni kuliko kuichunguza. Mawaziri na maofisa wakuu wa polisi wakaanza kuandika na kutangaza wamekutana na nani.

Hapa nakiri kwamba dawa nayo ilileta ugonjwa wake. Maofisa wengi wa polisi walikata kabisa mazungumzo na waandishi, wakiogopa kila chai, na waandishi wa habari za uhalifu wamelalamika kwamba sasa wanapewa tu kile kilichotayarishwa na idara ya habari. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba Scotland Yard ilichukua kwa siri kumbukumbu za simu za mhariri wa siasa wa The Sun ili kumjua ofisa aliyempa habari, na ikafanya hivyo bila kibali cha jaji, kwa kutumia sheria ya mwaka 2000, ileile iliyokataza kusikiliza jumbe za watu wengine. Mafiga yaliyokuwa yamegusana sasa yalikuwa yakirushiana majivu, na chungu hakikuwa salama zaidi.

Na hapo ndipo linapoingia suala la Harry. Kazi ya tume ya Leveson iligawanywa sehemu mbili. Sehemu ya pili, iliyosubiri kesi za jinai ziishe, ndiyo iliyopaswa kuchunguza nani hasa alijua nini ndani ya magazeti na ndani ya polisi, na kwa nini upelelezi wa kwanza uliishia ulipoishia. Machi 2018 serikali iliifuta. Waliobaki na swali hilo walikuwa watu binafsi wenye uwezo wa kulipa mawakili na kuvumilia miaka ya mashauri, na kesi ya Harry dhidi ya The Sun ilikuwa miongoni mwa chache zilizokaribia kusikilizwa hadi mwisho. Ilimalizwa kwa makubaliano asubuhi ambayo hoja zake zingeanza kutolewa. Taarifa ya kuomba radhi iliyosomwa mahakamani ilikubali kwamba wapelelezi binafsi waliofanya kazi kwa The Sun kati ya 1996 na 2011 walivunja sheria, na ikaongeza kwamba waandishi wa gazeti hilo hawakufanya hivyo.